Baba wa kitandani na baba wa kwenye simu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Baba yetu ni mkulima wa zabibu, ana miaka 67. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono na mguu vimerudi kiasi, ila akili haijarudi. Majina yetu anayachanganya, siku nyingine hayajui kabisa. Na yeye ambaye hatukuwahi kumsikia akimwita mtu hata mjinga, sasa anatukana matusi ya nguoni mbele ya wajukuu. Juzi tulimpa mkasi wa kupogolea ashike tu atulie, akaukata mzabibu wa uani vizuri, halafu akarudi kulekule. Mama amefika mahali anasema, "Huyu siye yule aliyenioa." Sasa mdogo wangu wa kiume, anayesomea kompyuta, alichukua sauti zote ambazo baba alitutumia kwa WhatsApp kwa miaka 5, akaziingiza kwenye programu ya akili mnemba. Inaongea kama baba. Inamwita mama "mama watoto", inatania, inauliza kama mvua imenyesha. Mama anaisikiliza usiku na inamtuliza. Tatizo, wiki iliyopita mdogo wangu aliiuliza kama tuuze ekari 2 za shamba tupate hela ya matibabu, ikajibu, "Uzeni tu mwanangu, afya kwanza." Anasema hiyo ndiyo kauli ya baba, kwa kuwa wa kitandani siye tena. Nimekataa ila sina hoja. Mwalimu, baba yetu ni yupi?

Jibu:

Mbukwenyi, na marahaba binti yangu. Poleni kwa kuuguza.

Nitangulize jibu ili usisome roho ikiwa juu. Baba yenu ni yule wa kitandani, na shamba haliuzwi kwa kauli ya simu. Lakini mdogo wako hajaropoka, na mama yako naye ana haki ya alichokisema, kwa hiyo nipe nafasi niende taratibu. Nimefundisha falsafa kwa miaka mingi, na ni mara chache swali la darasani limenifikia likiwa na ekari 2 ndani yake.

Anzia kwenye maneno yenu wenyewe. Nina hakika pale nyumbani mnaambiana "baba amebadilika". Itazame ile a- ya mwanzo. Ni ya nani? Ili mtu abadilike lazima awepo mmoja, aliyekuwa vile na sasa yuko hivi. Angekuwa ameondoka akaja mwingine, msingesema amebadilika. Mngesema ametoweka, mngekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mngetangaza. Hamjamtafuta popote. Mnamgeuza kitandani yeye, mnampikia ugali wa uwele na mlenda yeye, na matusi yake yanawauma kwa sababu yanatoka kwake. Tusi la mlevi wa njiani lisingewakosesha usingizi.

Halafu soma tena sentensi ya mama yako kama ulivyoniandikia. Hakusema "huyu si yeye". Amesema "siye yule". Wenye lugha tunazipita tofauti hizi bila kuzitazama. "Yeye" humshika mtu mwenyewe, awe amenona au amekonda, ana akili au zimemruka. "Yule" hunyoosha kidole kwa mtu tuliyemzoea, na kicheko chake na namna yake ya kukohoa akifika mlangoni. Mama yako amempoteza yule huku yeye bado yupo, na huo ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja na kanga na sukari kumpa pole. Usimsahihishe.

Sasa simu. Umeandika, "Inaongea kama baba. Inamwita mama." Umeipa i-, ngeli ya simu na redio. Mdogo wako naye amesema "hiyo ndiyo kauli ya baba", hakusema "huyo ndiye baba", ingawa hoja yake inahitaji hilo la pili. Sarufi peke yake haimalizi kesi, watu wamewahi kukosea kwa sarufi safi kabisa, lakini inaonyesha kwamba hata yeye aliyeitengeneza hajaamini mpaka chini.

Na hilo neno "kama". Umewahi kwenda kwenye usaili hapa Dodoma? Unatoa kopi za vyeti pale steshenari, wakili anagonga muhuri kwamba ni nakala sahihi ya cheti halisi, na bado ukifika mlangoni unaambiwa, "Cheti chenyewe kiko wapi?" Kopi inaweza kuwa safi kuliko cheti kilichokunjwa na kumwagikiwa chai. Usafi hauipi nafasi ya cheti, kwa sababu kinachoulizwa pale ni karatasi ipi ilitoka kwenye mkono wa aliyetoa cheti, na hilo ni jambo la historia ya karatasi, ambalo sura yake haiwezi kulijibu.

Mdogo wako atakuambia mtu si karatasi, na hapo ana ukoo mkubwa nyuma yake. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake kikuu mwaka 1694, alisema mtu hufuata fahamu yake, mwili ni jambo jingine. Alitoa mfano wa mwana wa mfalme na fundi viatu: roho ya mwana wa mfalme, pamoja na fahamu yote ya maisha yake yaliyopita, ikiingia katika mwili wa fundi viatu, Locke anasema huyo sasa ni mwana wa mfalme, na ndiye wa kuulizwa juu ya matendo ya mwana wa mfalme. Ukisoma haraka utaona simu imeshinda: kumbukumbu za baba ziko kule, kitandani umebaki mwili.

Lakini mwulize mdogo wako, simu inakumbuka nini? Locke hakuzungumzia habari za mtu. Alizungumzia kukumbuka kwa ndani, kule kwa "mimi ndiye niliyefanya". Programu ile haikumbuki siku baba alipokaa chini ya mti akashika simu akawatumia ujumbe. Imepewa alama za sauti na mpangilio wa maneno, na kazi yake ni kukisia neno lipi lingefuata. Daftari la marehemu lina mambo mengi ya marehemu, na hakuna anayesema daftari linakumbuka. Na sauti yenyewe isiwatishe. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sampuli ya sekunde 3. Sauti ambayo sisi tunamtambulia nayo mtu gizani, kwa mashine ni kitu chepesi kiasi hicho.

Isitoshe Locke mwenyewe alijibiwa. Mwaka 1785 Mskoti Thomas Reid alimtaja ofisa mmoja wa kubuni: utotoni alichapwa kwa kuiba matunda, ujanani akateka bendera ya adui, uzeeni akawa jenerali. Alipoteka bendera alikumbuka kuchapwa. Alipokuwa jenerali alikumbuka bendera, lakini fimbo alikwisha kuzisahau. Kwa kanuni ya kumbukumbu, jenerali ni yule kijana, kijana ni yule mtoto, na jenerali siye mtoto! Hesabu hiyo haifungi. Ikiwa kusahau kunamfuta mtu, basi mimi nimekwisha kufutwa mara nyingi, maana darasa la pili silikumbuki hata kidogo na mama yangu aliniambia nililia mwaka mzima.

Kuna jaribio ambalo ningependa mlifanye, ikiwezekana mdogo wako akiwepo. Programu hiyohiyo iwekwe kwenye simu 2. Moja aulize yeye: "Baba, tuuze shamba upate matibabu?" Nyingine uulize wewe: "Baba, kuna watu wanataka tuwauzie shamba lako ulilolitolea jasho, tukubali?" Mifumo hii ina mwelekeo unaojulikana wa kumfuata muulizaji anakotaka kwenda. Ikiwa moja itasema uzeni na nyingine msithubutu, yupi ni baba? Wote wawili hawawezi kuwa yeye, na hakuna sababu ya kumchagua mmoja, kwa kuwa wametoka kwenye faili moja. Hoja hiyo aliitumia Bernard Williams, Mwingereza, katika miaka ya 1950. Alitaka tufikirie watu 2 wa leo ambao kila mmoja ana kumbukumbu zote za Guy Fawkes, aliyeuawa London mwaka 1606 kwa njama ya kulipua Bunge. Kama mmoja wao ni Fawkes kwa sababu ya kumbukumbu, wa pili naye ni Fawkes kwa sababu ileile, na mtu mmoja hawezi kuwa wawili. Mimi naona hoja hii inauma zaidi leo kuliko alipoiandika, maana wakati ule kurudufisha kulikuwa ndoto, leo ni kubonyeza.

Baba yako angenielewa haraka kuliko wanafunzi wangu, kwa sababu maisha yake yote amefanya kazi ya nakala. Zabibu haipandwi kwa mbegu ya ndani ya tunda. Mkulima anakata pingili kwenye mzabibu mama, anaichomeka, inashika mizizi, na mche huo ni nakala ya mama kwa asili yake ya ndani. Chenin Blanc inayolimwa hapa Dodoma ni pingili ya pingili ya pingili, ukirudi nyuma unafika Ufaransa. Mwulize mkulima yeyote wa Mpunguzi au Hombolo kama mzabibu huu na ule ni mmoja. Atasema mbegu ni moja, mizabibu miwili. Ubwiri unga ukiushika huu, dawa hupigi ule ukasema umetibu. Mama akinyauka, mche haunyauki kwa huruma. Na pingili ina mti hai wa mama ndani yake! Simu haina hata hicho. Mapacha wa kufanana vivyo hivyo, na kondoo Dolly wa Scotland, aliyezaliwa 1996 kutokana na chembe ya kiwele cha kondoo mwingine: mnyama mpya, na maisha yake.

"Je, ikipatikana nakala kamili, yenye fahamu kweli?" Atakuuliza, namjua kijana wa aina hiyo. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilichimba swali hili mwaka 1984 kuliko yeyote. Alibuni kifaa kinachousoma mwili wako wote hapa duniani na kuuunda upya kwenye sayari ya Mirihi, kisha akauliza: ikiwa wewe wa duniani hukuharibiwa, unaambiwa moyo wako utasimama siku chache zijazo ila usijali, yuko mwenzako Mirihi, utafarijika? Wengi hawafarijiki. Parfit alisema tunapaswa kufarijika kiasi, kwa sababu kuwa yuleyule si jambo lenye uzito tunaoudhani, uzito uko kwenye mwendelezo wa kumbukumbu, nia na tabia. Nimemsoma kwa miaka na simfuati mpaka mwisho. Nakala kamili ya baba yenu ingekuwa mtu, ningemwamkia, pengine mngempenda. Lakini angekuwa mtu mpya aliyezaliwa na kumbukumbu za mzee, na mzee bado angekuwa kitandani akihitaji kugeuzwa asipate vidonda. Nakala haimwondoi mwenye nakala.

Hadithi ya jahazi lililobadilishwa mbao moja moja, watu wakabishana kama bado ni lilelile, naipita, nadhani umeisikia. Tembe la babu zetu lilibadilishwa nguzo na udongo wa paa vivyo hivyo na hakuna aliyehama. Tembe halijijui, kwa hiyo halitusaidii sana kwa mzee.

Kwa mzee, afadhali tuingie mwilini. Utasikia watu wakisema mwili hubadilika wote kila miaka 7, kwa hiyo hakuna wa zamani. Si kweli. Chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120 na za tumbo siku chache tu, lakini watafiti wa Stockholm waliotumia alama za kaboni zilizoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia walionyesha mwaka 2005 kwamba chembe za neva za gamba la ubongo zina umri sawa na mwenyewe. Alizozaliwa nazo ndizo alizonazo. Kiharusi kikubwa kisichotibiwa huua kwa wastani chembe hizo milioni 1.9 kila dakika, ni pigo la kutisha. Ubongo una kama bilioni 86. Kilichobaki kichwani mwa baba yako ni kilekile kilichokuwapo alipowabeba mgongoni.

Na hapa nikuhadithie Phineas Gage. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, alikuwa msimamizi wa wapasua miamba wa reli. Baruti ililipuka, mtaimbo ukaingia chini ya shavu ukatokea utosini. Alipona, lakini yule mchapakazi mwenye adabu akawa mtu wa matusi na maamuzi ya kurukaruka. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Unasikia? Maneno ya mama yako, zaidi ya miaka 170 kabla. Vitabu vingi humwacha Gage hapo. Ila baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka mpangilio na uvumilivu wa watu. Rafiki zake walitoa hukumu mapema.

Juu ya matusi kuna mawili. Mwaka 2015 watafiti Nina Strohminger na Shaun Nichols waliwauliza ndugu 248 wa wagonjwa wa ubongo na neva ni lini wanaona mgonjwa wao si yuleyule. Kilichowavunja zaidi ni kubadilika kwa maadili, kuliko kupotea kwa kumbukumbu. Mama yako angeweza kuvumilia mzee asahau jina lake. Matusi ndiyo yaliyomtoa mumewe machoni pake. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba huenda matusi hayo si maadili. Kiharusi kinapoharibu njia za lugha, maneno ya kupangwa hukwama, na maneno yanayotoka yenyewe kama salamu, kuhesabu na matusi hubaki. Mshairi Mfaransa Charles Baudelaire alipopata kiharusi mwaka 1866, katika Kifaransa chote alichokitawala alibakiwa na kiapizo kifupi cha mtaani. Mimi si daktari, na daktari wa neva au mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye wa kuwaambia kama mzee yuko hivyo. Ila mwulizeni hasa hilo, kwa sababu jibu lake linaweza kumrudishia mama yako nusu ya mumewe: mtu anayetaka kusema "nipe maji" na likatoka tusi hajawa na moyo mbaya.

Sasa ule mkasi. Umeutaja kwa kupita, na kwangu ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote kwenye barua yako. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akitazama kwenye kioo. Kila siku alisema hajawahi kufanya kitu hicho, na kila siku mkono wake ulikuwa bora zaidi. Kumbukumbu hazikai chumba kimoja. Kupogolea mzabibu si kukata ovyo. Ni kujua tawi lipi limezaa, macho mangapi uyaache, ukate pembeni ipi, ili mzabibu utoe mavuno mawili kwa mwaka kama inavyojulikana Dodoma. Hayo yote yalikuwa mkononi mwa mzee juzi. Kwenye simu hayapo, kwa sababu mzee hakuwahi kuyatuma kwa WhatsApp, na mengi hayasemeki.

Niongeze jambo moja ambalo wazee watakuja nalo: mtu ni watu. Mnaijeria Ifeanyi Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba utu kwa Mwafrika hupatikana ndani ya jamii, na mtu anaweza hata kushindwa kuufikia. Mghana Kwame Gyekye akampinga: jamii hukulea, lakini hukuzaliwa ukiwa nusu mtu ukisubiri kibali. Niko na Gyekye, na kisa chenu ni sababu mojawapo. Kama utu ni wa kupewa, mnaweza kumnyang'anya mzee siku aliposhindwa kujitetea. Juu ya roho, mchungaji au shehe wenu atasema vizuri kuliko mimi. Sijasikia yeyote kati yao akisema inaingia kwenye faili.

Kuhusu shamba, basi. Huenda kuuza ni sahihi kabisa, sijui gharama zenu. Lakini uamuzi uwe wenu, mkae na mama na wajomba na baba wadogo, mseme "sisi tumeamua", na mambo ya hati mumwone wakili, maana mkataba hutaka mwenye mali aliye na akili timamu au mwenye mamlaka halali kwa niaba yake. Kabla ya hapo mwulizeni mzee mwenyewe, siku aliyotulia, kwa maneno mafupi, akiwa shambani ikiwezekana. Akitukana, mmeuliza. Mdogo wako akisema ni kauli ya baba, anajivua mzigo wa uamuzi na kumvika mtu ambaye hakuamua. Nadhani anaogopa. Mwambie hivyo kwa upole, msije mkagombana.

Sauti za usiku, sithubutu kumnyang'anya mama. Ila mtenganishe vitu viwili ambavyo kwenye simu vinafanana. Zile alizozituma baba kweli, zenye tarehe, ni zake: alizisema, siku ile, kwa mtu fulani. Zihifadhini mahali pengine kabla hazijachanganyika na za kukisia, ambazo baba hakuzisema kamwe. Mama akitaka kumsikia, aanze na zile za kweli, hata kama ni za kulalamikia bei ya dawa ya zabibu. Na mzee naye asikilizishwe, mtazame uso wake.

Msimu wa kupogolea ukifika mpelekeni shambani na mkasi, na mdogo wako aende na simu yake arekodi mikono.

Wasalimie wote, na mzee mpe shikamoo yangu hata kama ataijibu vibaya.